Yah: Paleti za unyevu zisizotunza rangi ya akriliki

Karakana ya Wachoraji,
Dar es Salaam.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Boksi la paleti zenu sita za unyevu tulizonunua (trei yenye mfuniko, sponji ya maji na karatasi ya kuwekea rangi juu yake) limeandikwa kwamba rangi ya akriliki itabaki mbichi siku 14 mfuniko ukifungwa. Rangi inaota ngozi usiku mmoja. Tumezikagua kipande kwa kipande, na kasoro ni hizi.

Kubwa kuliko zote ni karatasi. Paleti ya unyevu hufanya kazi kwa sababu maji ya sponji hupenya karatasi kidogo kidogo na kufidia yale yanayopotea hewani. Karatasi yenu ina nta: ukiikwaruza, nta inabaki chini ya ukucha. Itandikeni juu ya sponji iliyolowa, subirini robo saa, kisha kandamizeni tishu kavu juu yake. Tishu inatoka kavu vilevile. Hapo sponji imewekwa kwa mapambo tu! Karatasi ya kawaida ya kuokea keki, isiyo na nta, ilipitisha unyevu kwenye sponji hiyohiyo.

Sponji yenyewe mmeandika ina unene wa sentimita 1. Rula inasoma milimita 4. Kwa trei ya sentimita 30 kwa 22, ujazo wake wote ni mililita 264, ilhali maelekezo yenu yanataka mililita 600 za maji. Yanayozidi yanapanda juu ya karatasi na rangi inakuwa uji. Ilitosha kuandika hivi: mimina taratibu mpaka sponji ilowe yote, inamisha trei umwage maji yanayotembea, tandaza karatasi, kisha sukuma hewa kutoka katikati kwenda pembeni, maana palipo na povu ndipo rangi hukauka kwanza.

Mfuniko nao: banisheni ukanda wa karatasi kati yake na trei, kisha muuvute. Katikati ya kila upande ukanda unashika. Kwenye kona zote nne unachomoka wenyewe, kwa kuwa mpira wa kuziba hewa umekatwa ukaishia kabla ya kona.

Mhudumu wenu alitujibu tunyunyizie maji zaidi. Rangi ikishaota ngozi, chembe za plastiki zilizomo kwenye akriliki zimeungana na maji hayaziachanishi tena. Vipande vyake vinaingia kwenye brashi na kuharibu kanvasi. Kunyunyizia kupita kiasi kabla ya hapo kunadhoofisha gundi iliyomo ndani ya rangi. Dawa ya kuchelewesha ukaukaji aliyoipendekeza pia ina mpaka wake: ikizidi, picha inabaki inanata.

Tunaomba karatasi inayopitisha maji, sponji ya unene mliotangaza na mpira uliokamilika kwa kila paleti, au fedha zetu, ndani ya siku 21. Mililita 600 ziondolewe kwenye maelekezo, na iongezwe sentensi moja kuhusu ukungu: sponji ioshwe na kukamuliwa kila wiki, kwani kwa joto la huku harufu haichelewi.

Tumeambatanisha nakala ya risiti na picha za kona za mfuniko. Paleti moja hatujaiosha. Mtumeni fundi aje aikague.

Wenu,
Wachoraji wa karakana