Risala ya wazazi kwa mgeni rasmi, mahafali ya darasa la saba

Mheshimiwa diwani mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi wenzangu na nyie wanetu mnaohitimu, habari za mchana na karibuni sana.

Mheshimiwa, wazazi tuna ombi moja tu. Tangu 2016 elimu msingi haina ada na kwa hilo tunaishukuru serikali kwa dhati kabisa, maana wapo watoto wamekaa mbele yako hapa bila hivo wasingefika la saba. Ruzuku inakuja, ila kwa shule ya msingi ni sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, hapo 4,000 inabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, shule inapokea 6,000 yaani 500 kwa mwezi. Chaki humo humo, karatasi za mitihani humo humo, kitasa kikiharibika humo humo.

Sasa 500 hiyo ni ileile kwa mwanangu ambae daftari namnunulia, na ileile kwa mtoto anaelelewa na bibi mzee asie na hata kuku wa kuuza. Hapo ndo haijakaa sawa. Chakula cha mchana hapa ni michango yetu, mahindi na maharage, na asiechangia hali. Yupo mtoto wa la tano, makande yakianza kugawiwa anaenda kujikalia kule upande wa vyoo wenzake wasimuone, mama mpishi akimuwahi anampa ukoko, akimkosa ndo basi tena, kipindi cha mchana amelalia dawati, alafu matokeo yakitoka anaitwa mzembe. Na mabinti je, kuna wanaokosa masomo kila mwezi kisa taulo za kike.

Tunaomba bajeti ijayo halmashauri itenge kwenye mapato ya ndani hela ya ziada kwa watoto wa mazingira magumu, ije akaunti ya shule kwa kazi hiyo tu, chakula, sare, madaftari na taulo, isichanganywe na ukarabati. Kuwapata sio kazi, kaya maskini zilizo kwenye mpango wa TASAF zinajulikana na waliosahaulika mwalimu wa darasa anawajua. Matumizi yabandikwe ubaoni tusome wote, majina ya watoto hapana, wasije wakachekwa. Kuni na maji tumeshakubaliana ni juu yetu wazazi.

Wanaohitimu leo haitawakuta, ila wadogo zao wapo la pili na la tatu. Tunakuomba ukalisemee kwenye baraza la madiwani.

Naomba kuwasilisha.