Fomu niliyoikuta mfukoni mwako

Mwanangu,

Jana nikifua jaketi lako nimeikuta fomu ya jeshi mfukoni, imekunjwa mara nne. Sikuichana. Nimeianika juu ya hita pamoja na soksi zako. Naandika kwa sababu tukianza kuzungumza utanikatiza: "Mama, Ireland haipigani na mtu."

Haipigani, sawa. Ila askari wake hutumwa nje kulinda amani, na mara ya kwanza walipotumwa kwa wingi, mwaka 1960, walikuja kwetu Kongo. Walishuka na sare za sufu nzito, za baridi ya huku. Kule kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi yupo mmoja wao. Nikimpelekea chai husema, "Jambo, mama," kisha hujifuta jasho ambalo halipo. Ndio mzaha wake. Siku aliyotaja Niemba hakufanya mzaha. Novemba 8, 1960, Wairelandi tisa waliuawa huko na wapiganaji wa Kibaluba, kwenye shambulio la kuviziwa karibu na daraja.

Kambo wako, yaani babu yako, alikuwa mtoto Elisabethville, ndiyo Lubumbashi yetu. Desemba 1961 Umoja wa Mataifa na askari wa Katanga, jimbo lililojitenga na Kongo, walipopigana mle mjini, yeye na ndugu zake walilala chini ya kitanda. Hata leo mlango ukijipiga kwa upepo hushtuka. Kwa hiyo kofia ya buluu ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa mimi hainileweshi kichwa.

Lakini kuna jambo moja la nchi hii nimelipenda. Haimo NATO, na ikitaka kupeleka zaidi ya askari 12 wenye silaha kulinda amani nje, sharti Umoja wa Mataifa uidhinishe, serikali iamue, na bunge lao, Dáil, likubali. Wenyewe wanaziita kufuli tatu. Mwaka 2001 wananchi waliukataa Mkataba wa Nice wa Umoja wa Ulaya, baadhi yao wakihofia watoto wao kuburutwa kwenye jeshi la Ulaya. Mwaka uliofuata serikali ikaweka msimamo wake wa kutofungamana kijeshi kwa maandishi kule Seville, Hispania, ndipo wakapiga kura tena na kukubali.

Sasa serikali inataka kuiondoa ile kufuli ya kwanza, na idadi ipande kutoka 12 hadi 50. Wanasema Urusi na China, zenye kura ya veto kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, zisishike ufunguo wa mlango wetu. Siwabezi. Mwaka 1999 China ilipiga veto walinda amani wasiendelee kukaa Macedonia, baada ya Macedonia kufanya urafiki na Taiwan! Ulaya ilipopeleka askari wake huko mwaka 2003, Ireland ilibaki kuangalia kwa kukosa ile idhini ya Umoja wa Mataifa.

Hata hivyo, mimi ni mama. Serikali ikiwa na wabunge wengi, kufuli ya pili na ya tatu hufunguliwa na mkono uleule. Ile ya kwanza ndiyo pekee wasiyoweza kuifungua wenyewe. Wakitaka kuibadilisha, waweke nyingine mahali pake, siyo tundu tupu. Wewe ndiye utakayepanda ndege.

Fomu imekauka, iko juu ya friji. Sijakukataza. Jumamosi niko zamu ya mchana; njoo saa tisa, nikukutanishe na mzee. Mletee biskuti za tangawizi, na usimwite kwa jina. Mwamkie kwanza.

Mama