Barua kwa walimu vijana wa historia

Asalaam aleikum wanangu,

Juzi nilialikwa skuli moja ya mjini, nikakaa nyuma ya darasa. Ubaoni palikuwa na biashara ya watumwa. Mtoto mmoja akanyanyua mkono: "Mwalimu, sisi tulikuwa watumwa au tuliwauza?" Darasa likaangua kicheko, mmoja akamnyooshea kidole jirani yake mweusi. Mwalimu akasema, "Hilo halimo kwenye mtihani," akafuta ubao.

Hasira hazijanitoka. Wageni wanalipa kiingilio Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa, ili wasimuliwe habari hizo, na mtoto wetu anapita nje ya geti akienda chuoni, hajui kitu! Mwambieni. Soko lilifungwa 1873, utumwa wenyewe ukafutwa kisheria 1897, na masuria, watumwa wa kike waliowekwa kinyumba na mabwana zao, wakangoja mpaka 1909. Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa watumwa na pembe, mwenye nyumba ile ya Shangani, alizaliwa hapa hapa Unguja. Na kwa kuwa suria alimzalia bwana wake watoto, ukoo mmoja una bwana na mtumwa ndani yake. Kwa hiyo jibu la yule mtoto huenda ni yote mawili, na wala si aibu yake.

Mkinyamaza ninyi, atafundishwa barazani. Sisi wazee ndio mafundi wa hayo. Akija mposaji tunauliza asili yake kabla ya kuuliza kama anaswali. Siti binti Saadi wa Fumba, mwimbaji wa taarab, alisimangwa kwa nasaba yake huku watu wakigombania kumsikiliza.

Na Mapinduzi ya 1964, najua mnaogopa. Deski moja linakaliwa na mtoto ambaye kwao walipewa eka tatu za ardhi na mtoto ambaye kwao walipoteza watu. Wasikilizeni wote wawili, msiwape upande.

Mengine mnayajua, fanyeni tu: mtoto wa Micheweni au Makunduchi asichekwe kwa lafudhi yake, msichana aliyejifungua akirudi apewe kiti chake, asiyesikia vizuri akae mbele.

Halafu wapelekeni Mangapwani, walikofichwa watumwa baada ya soko kufungwa. Waandikieni wazazi mapema. Wapo watakaokuja juu, na mwalimu mkuu atakuiteni ofisini. Mwambieni naye apande gari.

Mwalimu mstaafu,
Unguja