Mhariri, tunauza maziwa mwezi mzima bila kujua bei

Mhariri,

Naandika kutoka Ol Kalou, Nyandarua. Niko na ng'ombe watatu wa maziwa na hao ndio wanalisha nyumba yangu na kulipa karo. Kila mara nikisoma habari za maziwa ni bei imepanda, bei imeshuka, waziri amesema hivi na vile, lakini kuna kitu kimoja sijaona kikiandikwa na ndicho kinatuumiza kuliko vyote. Sisi tunauza bila kujua bei. Natoa mtungi barabarani kila asubuhi kabla jua lichomoze, mtu wa lori anaweka laktomita kuona kama yametiwa maji, anapima, anaandika kwa kadi, anaenda. Siku 30. Bei naijua nikilipwa.

Msimu mmoja wa mvua ya Aprili nilipata meseji tarehe 9 ikisema bei imeshuka kuanzia tarehe 1. Yaani maziwa ya siku nane nishayatoa, yashapita kwa kiwanda, pengine yashanyweka na chai huko Nairobi, ndio naambiwa bei yake sio ile nilikuwa nahesabu. Sasa na mimi nikienda kwa mama wa duka la lishe nimwambie lile gunia nilibeba wiki jana nimeamua kulipa mia tano pungufu, atanifukuza na atakuwa na haki. Kwa nini kwa maziwa inakubalika?

Chukua mfano wa boma dogo linalotoa lita 36 kwa siku. Bei ikitoka Sh48 ikaenda Sh40, hio ni Sh288 kila siku, kwa mwezi ni Sh8,640. Na gunia la kilo 70 la lishe ya duka halijashuka hata shilingi, upandishaji haujashuka, dawa ya kupe haijashuka, kijana wa kukamua naye anataka mshahara wake wote. Hapo ndio unaona mtu anauza mtamba mwenye angekuja kukamuliwa mwaka ujao, anauza bei ya kutupa kwa sababu shule zinafunguliwa Jumatatu.

Wengi husema dawa ni Serikali iweke bei ya chini kabisa. Sipingi. Januari 2020 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza New KCC, kampuni ya maziwa ya Serikali, ipewe pesa inunue maziwa ya ziada iyageuze unga na mkulima asilipwe chini ya Sh33, halafu 2024 ikatangazwa New KCC ilipe Sh50. Ilisaidia, na Machi 2023 pia Bodi ya Maziwa iliposimamisha unga wa maziwa kutoka nje watu wa huku walishukuru sana. Lakini tangu soko lilegezwe 1992 kila mnunuzi anajipangia bei yake, na tangazo la Nairobi likifika kwa shamba lishakatwa usafiri, lishakatwa kupoza, lishakatwa hiki na kile. Pia maziwa sio mahindi, huwezi kuyafungia stoo ungoje bei nzuri. Mvua ikinyesha nyasi zinamea kwa kila mtu wakati mmoja, maziwa yanafurika kwa kila mtu wakati mmoja, mashine za kukausha unga zinajaa, na hapo hata hio Sh50 mnunuzi anaweza kukuambia tu leo usilete, na ukileta yanarudi.

Tena bei peke yake haikuonyeshi kama unakula ama unaliwa. Nimewahi kulipwa vizuri Februari na nikabaki na kidogo kuliko Novemba, manake kiangazi kilikuwa kimekausha nyasi yangu yote ya nepia nikawa nanunua nyasi kavu kwa bale na lishe kila wiki. Kitu cha kulinda ni ile nafasi iko katikati ya bei ya maziwa na gharama ya chakula cha ng'ombe. Marekani waliliona hilo, sheria yao ya kilimo ya 2018 ikaweka mpango ambapo mkulima anachagua kiwango na kulipa ada, na hio tofauti ikishuka chini ya kiwango chake analipwa fidia. Sisemi tuige kila kitu, wao wana pesa na wana takwimu za kila mwezi. Lakini hata hapa Kenya, 2015 Serikali ilianza kulipia wafugaji wa Wajir na Turkana bima, ambapo setilaiti iliangalia malisho na yakikauka mfugaji alilipwa kabla ng'ombe afe. Kama hilo liliwezekana kaskazini, kwani bei ya lita ya maziwa na bei ya gunia la lishe, vitu vinaandikwa kwa risiti kila siku, ndio itashinda watu wa bima kuhesabu?

Na kabla hio bima ije kuna mambo hayahitaji Bunge. La kwanza, mnunuzi atangaze bei kwa maandishi kabla maziwa yatoke kwa boma na aishikilie angalau miezi mitatu. Hata kama ni ya chini, afadhali niijue. Nikijua Aprili hadi Juni ni Sh42 nitapunguza lishe ya duka, nitauza dume mapema, nitaongea na shule kuhusu karo. Mtu anaweza kuishi na bei mbaya anayoijua.

La pili ni akiba kwa ushirika. Tuseme ushirika unakusanya lita 10,000 kwa siku, ukiweka shilingi moja ya kila lita kando wakati wa kiangazi bei ikiwa juu, ni Sh300,000 kwa mwezi, miezi sita ni Sh1.8 milioni. Mvua ikija na bei ishuke Sh5, hio pesa inaziba pengo siku 36. Haimalizi msimu, najua, lakini siku 36 ni karo ya muhula. Shida ni imani. Memba wameona pesa zikiliwa na maofisa hadi ukitaja neno akiba watu wanaguna. Kwa hivyo iwekwe kwa akaunti yake, isitolewe bila kura ya mkutano mkuu, na salio libandikwe kwa ukuta pale tunapopelekea maziwa kila mwisho wa mwezi.

Na sisi wakulima tuna makosa, lazima niseme. Kiangazi broka akija na pikipiki na pesa taslimu, Sh60 mkononi, tunamkimbilia tunaacha ushirika na lori nusu tupu, halafu mvua ikinyesha broka anapotea tunarudi tukilia bei. Hakuna mnunuzi atafunga bei ya miezi mitatu na watu kama hao. Nikitaka mkataba unilinde Mei lazima unifunge pia Februari. Hilo nimelikubali na naongea na majirani, wengine wananielewa, wengine wananiambia nina pesa ndio maana.

Kitu kingine nimejaribu mwenyewe ni kupandisha ng'ombe mwisho wa Februari ndio azae mwisho wa Novemba, maziwa yake yawe juu Januari na Februari wakati ni haba. Wawili walishika mimba, mmoja akarudi joto mara tatu. Bila saileji ya kutosha, yaani lishe mbichi iliyokatwa ikafukiwa, hio mpango haifanyi kazi, atazaa vizuri na akonde, kwa hivyo chimba shimo kwanza mahindi yakiwa bado mabichi.

Nakumbuka pia maziwa ya Nyayo, ile pakiti ya pembetatu tulipewa shuleni. Yalianza 1979 na yalimaliza maziwa mengi sana ya wakulima. Kaunti zinazopikia watoto chakula cha mchana leo zingeweza kununua maziwa ya msimu wa mvua, wakati ule ule yanamwagwa.

Mhariri, naomba wasomaji wa Githunguri na Meru, ambao ushirika wao una kiwanda chao wenyewe, watuandikie kupitia gazeti lako. Bei yenu mnaambiwa lini? Inashikiliwa muda gani? Na kiwanda kikipata hasara mnabeba vipi? Sisi huku mkutano wetu mkuu unakaribia na ningetaka kusimama na majibu mkononi.

Mkulima wa maziwa,
Ol Kalou, Nyandarua