Mwanangu, anza na friji

Mwanangu mpendwa,

Natumai u mzima. Nimeziangalia picha zote ulizonitumia, na nimeelewa kwa nini umechanganyikiwa: mashine tano, vitufe chungu nzima, na waliohama hawakukuachia hata kijitabu kimoja cha maelekezo. Nakuandikia badala ya kukupigia simu ili uweze kurudia kusoma ukiwa umesimama mbele ya mashine yenyewe.

Anza na friji, maana hiyo ndiyo inayotunza chakula chako na ndiyo inayowapotosha wengi. Namba zile 1 hadi 7 kwenye kidude cha kuzungusha si nyuzi za joto. Kwenye friji nyingi, namba ikipanda baridi inazidi. Friji inayoonyesha nyuzi zenyewe kwenye kioo ni kinyume chake: namba ikishuka ndipo baridi inapozidi. Usikisie. Weka glasi ya maji kwenye rafu ya katikati, tumbukiza kipimajoto humo, ukasome asubuhi. Unatafuta nyuzi 4 hivi. Kwenye friza ni 18 chini ya sifuri. Ikiwa bado, sogeza namba moja tu, kisha ngoja siku nzima kabla ya kupima tena.

Kungoja huko ndiko kunakowashinda watu. Wanaona maziwa hayajapoa, wanazungusha hadi mwisho, na kesho yake mboga zimeganda. Kile kidude hakiongezi nguvu za friji. Kazi yake ni kuiambia ipoe hadi wapi ndipo ipumzike. Ukiweka 7, friji ya kawaida haipoi haraka zaidi. Inachelewa tu kupumzika. Oveni nayo ni hivyo hivyo. Ukitaka nyuzi 180, kuiweka 250 hakutakufikisha upesi, ila utaipita 180 bila kujua na chakula kitaungua juu huku ndani kibichi.

Kuhusu oveni yako, nadhani nimeona kilichokukwamisha. Saa yake inawaka na kuzima, sivyo? Oveni nyingi zenye saa ya namba hazipashi moto mpaka saa hiyo irekebishwe, hata ukizungusha kila kitu. Weka saa kwanza. Michoro yake inasomeka vizuri ukiiona kama picha ya oveni iliyokatwa ubavuni: mstari wa chini ni moto wa chini, mstari wa juu ni moto wa juu, mistari yote miwili ni moto wa pande zote, na ule uliopinda kama meno ya msumeno ni wa kuchoma kwa juu. Mchoro wa pangaboi ni feni. Waliobuni alama hizi walitaka mtu wa lugha yoyote azielewe, kwa hiyo kabla ya kukata tamaa jiulize picha inafanana na nini.

Mashine ya kufulia, pamoja na programu zake zote, inaingiza maji, inayapasha moto, inazungusha ngoma na kuyamwaga. Hakuna zaidi. Namba 30, 40 na 60 ni joto la maji. 800 au 1000 ni mizunguko ya ngoma kwa dakika wakati wa kukamua, na alama yake ni ule mstari uliojiviringa. Mkono ndani ya beseni ni programu ya nguo laini. Utaishia kutumia programu mbili au tatu, wala hutakosa kitu. Ikikataa kuitika vitufe, tafuta alama ya ufunguo au kufuli, bonyeza na kushikilia kwa sekunde chache. Hapo huwa imefungwa kwa ajili ya watoto.

Pasi ni rahisi: linganisha nukta zake na nukta za kwenye lebo ya nguo. Moja ni joto dogo, tatu ni kubwa. Anza na nguo za nukta moja, kwa sababu pasi hupata moto haraka kuliko inavyopoa.

Maikrowevu isikilize. Ukiiweka nusu ya nguvu, nyingi huunguruma kwa nguvu zote, zikanyamaza, zikaunguruma tena. Kunyamaza kule si hitilafu. Ndiyo nusu yenyewe, na ndiyo inayolipatia joto nafasi ya kuingia ndani ya chakula kilichoganda. Usiiwashe ikiwa tupu hata kwa majaribio. Weka kikombe cha maji.

Kuna mahali nisipotaka ujaribu-jaribu kabisa: kitu chochote cha gesi, sufuria ya presha, na mashine inayotoa harufu ya kuungua. Hapo chomoa waya au funga gesi, umwite fundi. Kwa nyingine zote, si rahisi majaribio yako yaharibu kitu, mradi ubadilishe jambo moja tu na uangalie lilichofanya kabla hujagusa la pili. Linalokufaa liandike kwenye kikaratasi na ukibandike ubavuni mwa mashine.

Kitufe cha mwisho kulia kwenye oveni hakionekani vizuri pichani. Kipige tena kwa karibu, taa ikiwa imewashwa, unitumie kabla hujakigusa.

Akupendaye,
Mama