Kerubo, Anza na Ufunguo

Buruburu, Nairobi
Jumapili jioni

Mpendwa Kerubo,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Ujumbe wako kwamba umekabidhiwa maktaba nimeupata. Hongera, na pole kidogo, maana katika shule zetu nyingi hiyo inayoitwa maktaba ni kabati la chuma nyuma ya afisi ya naibu, na ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu ambaye leo ameenda semina. Umeniuliza uanze kununua vitabu gani. Usinunue chochote bado. Kautafute huo ufunguo, uombe uwe wako, na nakala moja akae nayo kiranja unayemwamini. Kitabu kilichofungiwa hakipotei, ni kweli, lakini hata panya hukifaidi kuliko mtoto.

Ukishafungua, toa kila kitu nje ukipange sakafuni. Utakuta vitabu vya kiada vya mtaala wa zamani wa 8-4-4, ripoti za semina, na vile vya msaada vinavyoeleza jinsi ya kuendesha gari kwenye theluji. Viondoe bila huruma. Mtoto akivuta vitatu vya vumbi mfululizo, cha nne hakivuti, hata kama ndicho kizuri. Vilivyochanika weka kando, tutavirudia. Vilivyobaki, vya hadithi na vya maarifa vinavyosomeka, huenda visizidi katoni mbili. Usivunjike moyo. Katoni ya karatasi za kopi, ile ya rimu tano, hubeba vitabu vyembamba 60 hivi, na hivyo vinatosha darasa la watoto 48 na chenji ya kuchagua ikabaki. Gredi yenye mikondo mitatu ikipata katoni tatu tofauti, zizungushe kila wiki nne. Kwa wiki 12 kila mtoto atakuwa ameona vitabu 180 bila wewe kuongeza hata kimoja.

Sasa nikuombe jambo ambalo walimu wenzako watalipinga: vua zile kava za kaki. Tunavika vitabu kaki ili vidumu, kisha tunashangaa watoto hawavigusi. Sitini vya rangi moja, mgongo umeandikwa kwa kalamu ya bluu, mtoto wa gredi ya pili achague kwa kutumia nini? Yeye huchagua kwa picha. Kama ni lazima uvike, tumia plastiki angavu. Halafu vitoe katonini. Kamba ya mkonge ya mita tano ukutani, urefu wa kifua cha mtoto, na vibanio vya nguo, huning'iniza vitabu 20 nyuso zikitazama darasa. Badilisha hivyo 20 kila Jumatatu.

Kuazimisha ndiko kunakowashinda wengi, na si kwa ajili ya wizi. Ni foleni. Mwalimu anakaa na daftari, mtoto mmoja mmoja anakuja, jina, tarehe, namba, sahihi. Dakika moja kwa kila mtoto ni dakika 48, na kufikia wiki ya tatu mwalimu amechoka na daftari limefungwa. Tumia kadi. Kata karatasi ya manila ya A4 mara tatu kwa tatu, utapata kadi tisa za sentimita 7 kwa karibu 10. Juu andika jina la kitabu na namba yake, chini chora safu mbili, jina la mtoto na tarehe. Ndani ya jalada la nyuma gundisha mfuko wa kadi; nusu ya bahasha ya kaki inatosha (hapo ndipo mahali pa kaki). Mtoto akichukua kitabu anachomoa kadi, anaandika jina lake, anaitia kwenye kopo la darasa. Akirudisha, anatafuta kadi yake, anakata jina, anairudisha mfukoni. Darasa zima humaliza kwa dakika kumi, na kopo lenyewe ndilo rejista: kadi iliyobaki humo Ijumaa inakuambia kitabu kiko kwa nani. Kosa la kawaida ni mtoto kuitia kadi katika kitabu kingine. Ndiyo maana namba iandikwe mara tatu: kwenye kadi, kwenye mfuko, na ukurasa wa kwanza.

Siku ya kwenda na vitabu nyumbani iwe Ijumaa. Kila mtoto alete pakiti tupu ya unga ya kilo mbili, ile ya karatasi. Kitabu cha ukubwa wa A5 huingia sawasawa, na huko mkobani hakitakutana na chupa ya maji inayovuja wala mafuta ya chapati. Wazazi waambie kwenye mkutano kwamba kazi yao ni kusikiliza tu. Baba asiyejua herufi, au mama aliyerudi saa tatu usiku kutoka kibandani, anaweza kuuliza, "Haya, na huyo sungura akafanyaje?" Anayesomewa si lazima awe mkubwa pia. Mdogo wa miaka minne ni msikilizaji mzuri kuliko wengi wetu.

Na kitabu kikipotea? Kitapotea. Panga tangu mwanzo kwamba vichache kila muhula havitarudi, kama vile mama mboga anavyojua nyanya kadhaa zitaoza. Usitoze faini, usizuie ripoti ya mtoto, usimtaje gwarideni. Mzazi aliyetozwa shilingi 500 mara moja atamwambia mtoto, "Usiniletee vitabu vya shule hapa," na hapo umepoteza nyumba nzima. Kilichopotea kilipwe kwa kitabu kingine chochote cha hadithi, hata kilichotumika, au kwa Ijumaa mbili za kukusaidia kupanga kamba.

Muda wa kusoma usiukate kwenye vipindi. Kipindi cha gredi ya nne hadi ya sita ni dakika 35 tu na mwenye nacho atakupigania. Omba dakika 20 za mwisho wa mapumziko ya mchana, kila siku. Gredi za chini anza na kumi. Sharti liwe moja: kila mtu aliye ndani ya lango anasoma, pamoja na mwalimu mkuu, karani na askari wa getini. Mwalimu akitumia muda huo kusahihisha madaftari, watoto wameshaelewa kwamba kusoma ni kazi ya watoto. Gazeti la jana linakubaliwa, simu hapana. Wiki mbili za kwanza kutakuwa na kelele, kukojoa kwingi, na watu kupindua kurasa kama wanaohesabu noti. Vumilia. Kinachoua mpango huu kwa kawaida ni wiki ya mitihani: mnausimamisha "kwa muda", na haurudi.

Tafadhali pia, baada ya hizo dakika 20 usiulize maswali ya ufahamu. Usidai muhtasari. Na kuandika muhtasari kusiwe adhabu ya mchelewaji kamwe.

Wengi wa watoto wako wamejifunza kusoma kwa silabi, njia iliyotumika pia katika Tusome, mpango wa kufundisha kusoma ulioingia katika shule za umma nchini kote mwaka 2015. Kiswahili chetu kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto akizishika silabi anaweza kulitamka neno lolote la Kiswahili. Hapo ndipo mtego ulipo. Anasoma "ma-te-mbe-zi", akifika "zi" amesahau "ma", na wewe umesikia sauti safi ukadhani anaelewa. Ile kanuni ya vidole vitano ya kuchagua kitabu igeuze basi. Mtoto afungue ukurasa wowote wa kati, akunje kidole kwa kila neno asilojua maana yake, si asiloweza kulitamka. Ngumi ikijaa kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho kingoje. Anayesota kwenye silabi umpe ukurasa uleule mara tatu kwa siku tatu. Mara ya tatu utamsikia akianza kuimba sentensi. Mfungamanishe na mwanafunzi wa gredi ya sita, dakika 15, mara mbili kwa wiki. Chagua wakubwa wanaosoma wastani. Wale hodari sana humnyang'anya mdogo kitabu wakamsomea wao.

Usomaji wa sauti ufanye wewe mwenyewe, angalau mara mbili kwa wiki, hata kwa wale wakubwa wa sekondari ya chini wanaojifanya hawataki. Kisome kitabu nyumbani kwanza, utie alama za penseli mahali pawili patatu pa kusimama. Waketi nusu duara, safu mbili, mwanga wa dirisha uwe nyuma yao na si nyuma yako, la sivyo watakuona kivuli na picha hawataiona. Shika kitabu pembeni mwa bega, kidole gumba chini, usifunike picha. Tuseme umefika hapa: "Fisi akasimama mlangoni. Akanusa." Nyamaza. Hesabu tatu moyoni. Usiulize "Je, fisi alikuwa wapi?" kwa sababu umeshasema. Waulize, "Mngekuwa ndani, mngefanyaje?" Pokea majibu mawili, hata yakija kwa Sheng, uendelee kabla hayajawa mjadala. Acha pale wanapolalamika. Kitabu hicho usikifungie. Kitundike kwenye kamba, na ujiandae kwa foleni ya kadi yake.

Vitabu zaidi utavipata kwa bei rahisi. Wale wa inama, wanaotandaza vitabu kando ya barabara mjini, wana hazina, ila kagua mgongo na uhesabu kurasa za mwisho. Hadithi isiyo na mwisho ni ukatili. Nenda na orodha ya unachokosa, maana bila orodha utarudi na vitu vya kukupendeza wewe. Kwa hadithi fupi za Kiswahili, tovuti ya African Storybook ina nyingi zinazoruhusiwa kuchapishwa na hata kutafsiriwa bure. Ya kurasa 16 inahitaji karatasi nne za A4 zilizokunjwa katikati na pini mbili mgongoni. Na usisahau tulivyo navyo mtaani: kuna maktaba ya taifa hapa Buruburu, na matawi ya Kaloleni na Makadara ya Maktaba ya McMillan, ile ya Banda Street iliyofunguliwa mwaka 1931, ambayo shirika la Book Bunk liliyakarabati. Andika barua mapema, peleka watoto wasiozidi 25 kwa safari.

Sasa vile vilivyochanika. Selotepu itupe mbali: baada ya miaka michache inageuka njano, gundi inavuja, na karatasi inakatika palepale. Tumia gundi nyeupe ya fundi seremala, paka nyembamba kwa kijiti mgongoni, tia karatasi ya plastiki ya mkate kati ya jalada na kurasa ili visishikane, kisha vilaze chini ya jiwe usiku kucha. Katoni zikae juu ya matofali, shubiri moja kutoka ukutani, kwa sababu ya mchwa. Masika mabati yakivuja, vitabu vilivyolowa usivianike juani, vitajikunja kama samaki wa kukaanga. Visimamishe wazi kivulini penye upepo, na uwahi, maana ukungu unaweza kuanza baada ya siku mbili tu.

Jumamosi niko huru. Tukutane saa tatu asubuhi pale stendi, twende inama kabla jua halijachoma. Beba kikapu kigumu, noti ndogondogo, na hiyo orodha yako; manila na mkasi nitakuja navyo mimi, kadi tutazikata tukirudi.

Wako,
Wanjiku