Barua kwa Baba kutoka Pune

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, na masomo yanaendelea vizuri. Katika barua yako uliniuliza kama ubaguzi wa kasti, yaani matabaka ambayo mtu huzaliwa nayo hapa India, umeamriwa na vitabu vya Wahindu au ni mila za watu tu. Swali hilo Wahindu wenyewe wamelibishania kwa muda mrefu.

Katika Rigveda, kitabu chao kikongwe kuliko vyote, umo wimbo unaosimulia jinsi kiumbe aitwaye Purusha alivyotolewa kafara: kinywa chake kikawa Brahmini, yaani makuhani, mikono ikawa wapiganaji, mapaja yakawa wafanyabiashara na wakulima, na miguuni wakatoka Shudra, ambao ni watumishi. Wale ambao leo hujiita Dalit, yaani watu waliotengwa chini ya madaraja hayo yote manne, hawatajwi humo kabisa. Wimbo huo, hata hivyo, haumwamuru mtu amnyime mwenzake maji. Makali yenyewe yamo katika Sheria za Manu, kitabu chao cha kale cha sheria, ambazo zinaagiza kwamba watu wa chini kabisa wakae nje ya kijiji, wavae nguo za maiti na wale chakula katika vyombo vilivyovunjika.

Ndiyo maana B. R. Ambedkar, mwanasheria aliyezaliwa katika jamii ya Mahar iliyotengwa, alipowaongoza wenzake mwaka 1927 kunywa maji ya bwawa la umma mjini Mahad, nao wakapigwa, hakuishia kudai maji: Desemba 25 mwaka huohuo, papo hapo Mahad, kitabu cha Manu kilichomwa moto hadharani. Mwaka 1936 aliandaa hotuba, ambayo waliomwalika Lahore walikataa isisomwe, akisema kwamba Wahindu hushika kasti kwa sababu ni wacha Mungu, wala si kwa ukatili, na kwa hiyo utakatifu wa vitabu hivyo hauna budi kukanushwa kwanza. Gandhi alimjibu kwamba kasti haihusiani na dini. Wengine hutaja Gita, kitabu kingine kitakatifu cha Wahindu, ambamo mungu Krishna anasema aliumba madaraja manne kwa kufuata sifa na matendo.

Mimi, Baba, nakubaliana zaidi na Ambedkar. Hoja ya Gita inapendeza kuisoma, lakini mtoto hapa huzaliwa tayari akiwa na kasti ya babaye, na matangazo ya kutafuta wachumba magazetini hupangwa kwa kasti hizohizo. Katiba ambayo Ambedkar mwenyewe aliongoza kamati ya kuiandika rasimu imepiga marufuku utengaji huo katika kifungu cha 17, tangu mwaka 1950. Ndoa haikuguswa na kifungu hicho.

Jambo moja tu linanizuia kuvibebesha vitabu lawama yote. Katika jimbo la Tamil Nadu ziko parokia za Kikristo ambamo Dalit huzikwa makaburi ya peke yao, ilhali waumini hao hawamsomi Manu. Urithi wa ardhi, kazi na ndoa umekishika kile ambacho dini yao mpya haikukifundisha.

Nikipata nakala ya Sheria za Manu kwa Kiingereza nitakutumia, usome sura ya 10 wewe mwenyewe. Mama na wadogo zangu nawasalimu sana.

Wasalaam,
Mwanao, Rashidi